Masega ya gari hayafi yenyewe, huuawa

Na Mwandishi Wetu, Tarime

GARI dogo la abiria linapoanza kushindwa kupanda vilima vya Tarime, huku taa ya njano yenye umbo la injini ikiwaka mbele ya dereva, safari inayofuata huwa ni ya gereji. Huko, baada ya fundi kuingia chini ya gari na kuligonga bomba la moshi kwa spana, hukumu mara nyingi hutolewa kwa maneno machache: masega yameziba, yatolewe.

Kazi yenyewe haichukui muda mrefu. Bomba hukatwa, kopo la chuma lililovimba katikati hupasuliwa, kilichomo hutolewa, kisha bomba huungwa tena kwa kuchomelewa. Gari hurudi barabarani likiwa jepesi, dereva huwahi hesabu ya siku, na kilichotolewa hubaki gereji.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba kilichobaki gereji huenda kina thamani kubwa kuliko malipo ya ufundi, na kwamba ugonjwa uliolichosha gari bado umo ndani ya injini. Aidha, abiria watakaopanda gari hilo kesho yake watakuwa wamekaa juu ya bomba linalopitisha sumu ambayo jana ilikuwa ikigeuzwa.

Makala haya yanaeleza masega ni nini, yanafanya kazi gani, na kwa nini mwenye gari wa Tarime, Mugumu au mji mwingine wowote anapaswa kuuliza swali moja kabla ya kukubali yakatwe: ni nini kilichoyaua?

Kinachotoka ndani ya injini

Petroli ni mchanganyiko wa haidrokaboni, yaani kemikali zilizoundwa kwa kaboni na haidrojeni. Ikiungua kikamilifu pamoja na oksijeni ya hewa, hutoa vitu viwili tu: hewa ya ukaa na mvuke wa maji. Ndiyo maana asubuhi za baridi, ambazo wakazi wa miinuko ya Tarime wanazifahamu vyema, matone ya maji huonekana yakidondoka kwenye ncha ya bomba la moshi. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji.

Tatizo ni kwamba uunguaji ndani ya injini haukamiliki. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silenda huwasha mafuta mara 25 katika sekunde moja. Katika muda mfupi kiasi hicho, baadhi ya mafuta huungua nusu nusu, mengine hayaungui kabisa, na joto kali huzaa kemikali ambazo hazikuwamo katika petroli.

Matokeo yake ni sumu tatu. Ya kwanza ni kabonimonoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ndiyo ile ile inayoua watu waliolala chumbani na jiko la mkaa huku madirisha yakiwa yamefungwa. Hung'ang'ania chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua.

Ya pili ni haidrokaboni zisizoungua, yaani mvuke wa mafuta unaotoka kama ulivyoingia. Baadhi yake husababisha saratani. Ya tatu ni oksaidi za naitrojeni. Hizi huzaliwa pale naitrojeni, ambayo ni takriban asilimia 78 ya hewa tunayovuta, inapolazimishwa na joto la injini kuungana na oksijeni. Huwasha mapafu na kuwazidishia hali wagonjwa wa pumu. Zikichanganyika na haidrokaboni chini ya mwanga wa jua, huzalisha ozoni karibu na ardhi, nayo pia ni hatari kwa upumuaji.

Masega yamewekwa katika njia ya moshi ili kuzishughulikia sumu hizo tatu kabla hazijafika mtaani.

Mgodi mdogo chini ya gari

Jina la masega limetokana na umbo. Ukichungulia ndani ya kopo hilo la chuma utaona gogo la kauri lenye matundu madogo yaliyopangika kama sega la nyuki. Aina iliyozoeleka ina matundu zaidi ya 60 katika kila sentimita moja ya mraba, nayo yamenyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine ili moshi upite bila kuzuiwa.

Kuta za matundu hayo zimepakwa tabaka la unga wa alumina wenye mikwaruzo na vinyweleo visivyoonekana kwa macho. Tabaka hilo likikunjuliwa lote, eneo lake hulingana na kiwanja cha mpira wa miguu au zaidi. Juu ya eneo hilo ndipo yanaponyunyiziwa madini yenyewe: platinamu, paladi na rodi.

Kwa wakazi wa Nyamongo, ambako Mgodi wa Dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, hesabu ifuatayo haitakuwa ngeni. Mgodi husaga tani nzima ya mawe ili kupata gramu chache za dhahabu. Kauri ya masega, kwa upande wake, mara nyingi huwa na gramu moja au mbili za madini ya thamani katika kila kilo. Kwa maneno mengine, tani moja ya kauri hiyo inaweza kutoa zaidi ya kilo moja ya madini.

Gari moja dogo hubeba gramu chache tu, lakini gramu hizo zina bei. Machi 2021, rodi ilifika zaidi ya dola 29,000 za Marekani kwa aunsi moja, mara nyingi zaidi ya bei ya dhahabu ya wakati huo. Baadaye bei hiyo ilishuka sana, lakini masega hayajawahi kuwa takataka. Sehemu kubwa ya platinamu na rodi ya dunia huchimbwa Afrika Kusini, husafirishwa viwandani ng'ambo, na kuturudia ikiwa chini ya magari yaliyotumika kutoka Japani.

Namna yanavyofanya kazi

Madini hayo ni kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kutumika. Mfano wake ni mshenga: huwakutanisha wawili, wakaelewana, naye akabaki alivyokuwa, tayari kwa kazi nyingine.

Molekuli ya oksaidi ya naitrojeni ikigusa rodi, huvunjika. Naitrojeni hutoka peke yake na kurudi angani kama ilivyokuwa, na oksijeni iliyobaki hutumika mahali pengine. Kabonimonoksaidi ikigusa platinamu au paladi, hupewa oksijeni na kuwa hewa ya ukaa. Haidrokaboni nazo humaliziwa kuungua na kuwa hewa ya ukaa na maji. Kwa kuwa hushughulikia sumu tatu kwa wakati mmoja, kifaa hiki huitwa cha njia tatu. Masega mazima yaliyopata joto huweza kuondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo.

Ieleweke kwamba masega hayaondoi hewa ya ukaa, ambayo huchangia ongezeko la joto duniani. Kazi yake ni kuondoa kile kinachomdhuru anayevuta moshi leo.

Kazi hiyo ina masharti mawili. Sharti la kwanza ni joto. Masega huanza kufanya kazi yanapofika nyuzi joto kati ya 250 na 300 za Selsiasi, na baada ya hapo hukaa kati ya nyuzi 400 na 800. Kwa hiyo gari linapowashwa asubuhi, moshi wa dakika za mwanzo hutoka ukiwa na sumu yake yote. Hii ndiyo sababu si salama kuwasha gari ndani ya banda lililofungwa, hata kama masega ni mapya.

Sharti la pili ni uwiano. Ili petroli iungue bila ziada wala upungufu, gramu moja huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Mafuta yakizidi, hakutakuwa na oksijeni ya kutosha kumalizia kabonimonoksaidi. Hewa ikizidi, rodi itashindwa kuvunja oksaidi za naitrojeni. Masega hufanya kazi vyema katika ukanda mwembamba ulio kati ya hali hizo mbili.

Macho mawili na ubongo mmoja

Kuulinda ukanda huo si kazi ya dereva bali ya kompyuta ya gari, ambayo mafundi huiita kontroli boksi. Kompyuta hiyo hutegemea sensa za oksijeni, ambazo ni kama macho yaliyochomekwa ndani ya bomba la moshi.

Sensa ya kwanza hukaa kabla ya masega. Huonja moshi unaotoka katika injini na kuiambia kompyuta iwapo mafuta yamezidi au yamepungua, nayo hurekebisha muda wa nozeli kufunguka. Mabishano hayo hutokea tena na tena katika kila sekunde, gari likiwa linatembea.

Sensa ya pili hukaa baada ya masega. Yenyewe hukagua kazi iliyofanyika. Masega mazima huhifadhi oksijeni kidogo na kuitoa inapohitajika, hivyo sensa ya pili huona hali tulivu. Ikianza kuona mtikisiko ule ule unaoonekana na sensa ya kwanza, kompyuta huhitimisha kwamba masega hayafanyi kazi, na taa ya njano huwaka. Fundi mwenye mashine ya kusoma makosa atakutana na namba P0420.

Hapa ndipo kosa kubwa linapoanza. Namba hiyo haisemi kwamba masega yameziba. Inasema tu kwamba kazi yake imepungua. Sababu inaweza kuwa masega yenyewe, sensa iliyochoka, bomba linalovuja, au injini inayomwaga mafuta kuliko inavyotakiwa.

Masega na sensa havifanyi kazi peke yake. Ipo valvu inayorudisha kwenye silenda moshi wa oili unaotoka chini ya pistoni. Lipo kopo la mkaa linalonyonya mvuke wa petroli kutoka katika tangi, kisha kuurudisha kwenye injini uungue. Magari mengine yana valvu inayorejesha sehemu ya moshi ndani ya silenda ili kupunguza joto linalozaa oksaidi za naitrojeni. Vyote hivyo ni mfumo mmoja, na kasoro ya kimoja huishia kwenye masega.

Nani muuaji?

Masega hayana kitu kinachozunguka wala kusuguana. Kwa injini nzima, huweza kudumu umri wote wa gari. Yanapokufa mapema, karibu kila mara kuna aliyeyaua.

Muuaji wa kwanza ni plagi au koili mbovu. Silenda moja isipowasha, petroli yake hutoka mbichi na kwenda kuungua ndani ya masega. Joto hupanda kupita kiwango, chembe za madini hugandamana na kupoteza nguvu, na mwishowe kauri huyeyuka na kuziba. Matokeo kama hayo huweza kutokea pale gari lisilowaka linaposukumwa kwa muda mrefu huku petroli ikiendelea kuingia katika silenda.

Wa pili ni oili. Ringi za pistoni zikichoka, oili huungua pamoja na petroli. Fosforasi na zinki zilizomo katika oili huyafunika madini kama masizi yanavyofunika kioo cha taa ya chemli, na moshi ukafika kwenye ukuta usiweze kugusa kichocheo. Maji ya rejeta yanayovuja kupitia gasketi iliyoungua yana madhara yanayofanana na hayo.

Wa tatu ni mafuta machafu. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huungua vibaya na kuacha masizi. Ili kukabili uchakachuaji, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na mafuta mengine, hasa dizeli. Hata hivyo, petroli inayouzwa kwa chupa na madumu kando ya barabara haina wa kuithibitisha zaidi ya macho ya mnunuzi.

Wa nne ni barabara. Kauri ni ngumu lakini hupasuka. Jiwe likigonga kopo, au gari la moto likitumbukia ghafla katika maji ya kivuko kijijini, sega huweza kuvunjika vipande. Sauti ya kitu kinachochezacheza ndani ya bomba ni dalili yake.

Hivyo basi, fundi anayetoa masega na kuacha koili mbovu au ringi zilizochoka amemzika marehemu na kumwacha muuaji nyumbani. Gari litapata nafuu kwa kuwa kizuizi kimeondoka, lakini litaendelea kula mafuta na oili hadi injini yenyewe ifuate.

Desturi iliyoishi kuliko sababu yake

Kutoa masega hakukuanza kwa uzembe. Kuna wakati kulikuwa na sababu.

Mhandisi Mfaransa aliyehamia Marekani, Eugene Houdry, alibuni kifaa cha aina hii kwa ajili ya magari katika miaka ya 1950. Hakikuenea, kwa sababu petroli ya wakati huo ilitiwa madini ya risasi, na risasi hufunika kichocheo kikafa haraka. Sheria ya hewa safi ya Marekani ya mwaka 1970 ndiyo iliyobadili mambo. Wahandisi watatu wa kampuni ya Corning, Rodney Bagley, Irwin Lachman na Ronald Lewis, walibuni kauri yenye matundu, na kuanzia magari ya toleo la mwaka 1975 masega yakawa kifaa cha kawaida nchini humo pamoja na petroli isiyo na risasi. Japani ilikaza viwango vyake mwaka 1978.

Afrika ilichelewa. Magari yaliyotumika yaliwasili bandarini yakiwa na masega yake, kisha yakajazwa petroli yenye risasi. Katika hali hiyo masega yalikuwa yamehukumiwa kufa, na fundi aliyeyatoa alikuwa anaondoa maiti.

Juni 2001, wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, na kukubaliana kuachana na risasi katika petroli. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, eneo hilo, Tanzania ikiwamo, lilikuwa limeachana nayo. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa ajili ya magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Sababu iliyoyafanya masega yaonekane mzigo imeondoka tangu mwaka 2006. Desturi ya kuyatoa imebaki, na sasa imepata msukumo mpya, ambao ni bei ya madini yaliyomo.

Gharama ya kukata

Biashara ya masega yaliyotumika ni halali pale kifaa kilichokufa kinapouzwa na mwenyewe ili madini yake yarejeshwe viwandani. Tatizo ni pale mwenye gari asipojua kwamba ameacha mali. Tatizo kubwa zaidi ni wizi. Nchini Marekani, madai ya bima ya wizi wa masega yalipanda kutoka 1,298 mwaka 2018 hadi zaidi ya 52,000 mwaka 2021, kwa mujibu wa taasisi ya nchi hiyo inayofuatilia uhalifu katika bima.

Gharama ya pili ni ya taa. Masega yakitolewa, sensa ya pili huona moshi usiosafishwa, na taa ya njano huwaka moja kwa moja. Dereva huizoea, au fundi huidanganya sensa kwa kuisogeza mbali na moshi. Kwa vyovyote vile, siku koili itakapokufa au nozeli itakapovuja, hakuna atakayeonywa.

Gharama ya tatu ndiyo nzito. Bomba lililokatwa na kuungwa vibaya huvuja chini ya sakafu ya gari. Moshi unaovuja hapo haujapita kwenye kichocheo, hivyo una kabonimonoksaidi yake yote. Katika gari lililojaza abiria kupita kiasi, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya baridi au vumbi, sumu hiyo huweza kupanda ndani kupitia matundu ya sakafu au mlango wa nyuma usiofunga vizuri. Abiria huanza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu na kusinzia, wakidhani ni uchovu wa safari. Anayesinzia anaweza kuwa mtoto aliyebebwa nyuma, au dereva.

Moto katika nyasi kavu

Ng'ambo ya Mto Mara, katika Wilaya ya Serengeti, masega yana upande mwingine unaohitaji tahadhari, na huu unayahusu hata yaliyo mazima.

Ganda la nje la masega baada ya safari huweza kufikia nyuzi joto 300 au zaidi. Injini ikiwa na silenda isiyowasha, joto hilo hupanda sana hata chuma kikawa chekundu. Nyasi kavu zinazogusa chuma cha moto kiasi hicho huweza kushika moto baada ya dakika chache.

Kiangazi cha kati ya Juni na Oktoba, nyasi za maeneo yanayozunguka Mugumu na barabara inayoelekea Robanda na lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti huwa kavu kama makuti. Dereva anayeegesha gari juu ya nyasi ndefu ili kuchimba dawa, kubadili tairi au kusubiri abiria, anaweza kuacha nyuma yake moto unaokula malisho, mashamba na gari lenyewe.

Watengenezaji huweka bati la kukinga joto chini ya masega kwa ajili hiyo. Bati hilo likilegea hupiga kelele, na mafundi wengine huling'oa ili kelele iishe. Dawa yake ni kulikaza kwa boliti mpya, na kuegesha gari mahali palipo na udongo mtupu.

Vipi kuhusu dizeli na bodaboda?

Haya yote yanahusu zaidi magari ya petroli. Injini ya dizeli hufanya kazi kwa hewa nyingi kuliko inayohitajika, hivyo masega ya njia tatu hayaifai. Magari mengi ya zamani ya dizeli, yakiwamo ya kubeba watalii, hayana kifaa hicho kabisa. Magari mapya ya dizeli yana kichocheo cha aina nyingine, chujio la masizi, na mengine hutumia maji ya urea kuvunja oksaidi za naitrojeni.

Chujio hizo huhitaji dizeli yenye salfa kidogo. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kutumia kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 katika milioni kuanzia Januari 2015, hatua iliyowezesha malori mapya yanayopita katika mpaka wa Sirari kutumia vifaa hivyo. Kwa upande wa pikipiki, nyingi za bodaboda zenye kabureta hazina masega. Kwao, plagi nzuri na chujio safi la hewa ndiyo kinga iliyopo.

Maswali ya kumuuliza fundi

Mwenye gari hahitaji kuwa mhandisi ili ajilinde. Kwanza, aombe makosa yasomwe kwa mashine na aandikiwe namba zake. Pili, aulize iwapo plagi, koili na kiasi cha oili inayopungua vimekaguliwa. Tatu, aombe kipimo badala ya kugonga bomba: sensa ya kwanza ikifunguliwa, geji ya presha huweza kuwekwa mahali pake na kuonyesha kama moshi unazuiwa kweli.

Nne, kama kipimo kimethibitisha kwamba masega yamekufa, aulize bei ya mengine kabla ya kuamua. Masega mapya ni ghali, na kwa dereva anayedaiwa hesabu ya kila siku uamuzi huo si mwepesi. Lakini gharama hiyo ipimwe dhidi ya petroli na oili zitakazoendelea kupotea, na dhidi ya pumzi za wanaopanda. Tano, kifaa cha zamani ni mali yake. Akidai mkononi, kama anavyodai vipuri vingine vilivyobadilishwa. Mafundi nao wajifunike pua wanapokipasua, kwa kuwa vumbi la kauri hiyo hudhuru mapafu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007, zinaipa nchi msingi wa kudhibiti uchafuzi wa hewa. Hata hivyo, hakuna ofisa atakayekuwapo chini ya kila gari kila bomba linapokatwa. Anayekuwapo ni fundi na mwenye gari.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika gari, ufa ni ile plagi iliyochoka na ile oili inayopungua kila wiki. Ikizibwa mapema, masega yatabaki mahali pake, na moshi utakaotoka katika vilima vya Tarime asubuhi ya baridi utakuwa, kwa sehemu kubwa, mvuke wa maji.